Kitasa cha Pili

Mzee Shagembe alipanda ngazi arobaini na mbili bila mapafu, akafika juu akiimba.

Mapafu alikuwa nayo, ila yalikwisha kazi zamani. Miaka thelathini na nne alichochea kuni kwenye mabani ya kukaushia tumbaku nje ya Tabora. Wenye tumbaku wakajenga maghorofa, wachochea kuni wakaambulia kikohozi. Tunakumbuka. Sasa, mwaka 2091, kilichompumulia mzee ni pumuzi, mashine ya ukubwa wa kisahani cha chai iliyoshonewa juu ya mbavu zake za kushoto. Pampu yake ya gurudumu moja ilivuta damu, ikaipitisha kwenye utando wa kuingiza hewa safi, ikairudisha mwilini. Kila mzunguko ulitoa sauti ndogo, sss, kama mtu anayewanyamazisha watoto. Mtaa mzima wa Isevya ulikuwa na sauti hiyo, kwenye vifua vya watu mia tatu na kumi na wawili.

Aliyebuni mlinzi wa mashine hizo alikuwa binti yake, Mhandisi Milembe.

Mlinzi huyo hakuja bure. Zamani matapeli waliuza programu bandia za pumuzi vichochoroni, wakidai zinaongeza nguvu. Ziliizungusha pampu mpaka damu ikatoa povu. Watu kumi na mmoja walizikwa ndani ya wiki moja, mmoja wao mama yake Milembe. Ndipo binti akajifungia kwenye karakana ya Kampuni ya Mbavu Imara, akatoka na kitu alichokiita uamsho wa mhuri.

Pumuzi inapowashwa, kabla haijafanya lolote, sehemu ndogo ya chipu isiyofutika huamka kwanza. Huisoma programu yote, huutazama mhuri wa siri uliopigwa na kampuni, huulinganisha na kitasa kilichochomwa ndani ya chipu kwa fyuzi ndogo sana. Fyuzi hizo zikishaungua hazirudi. Mhuri ukilingana na kitasa, mashine inaamka. Herufi moja ikiwa imebadilishwa, mashine inalala. Tangu siku hiyo hakuna aliyekufa kwa programu bandia. Lazima hilo nalo lisemwe.

Lakini chipu ilikuwa na nafasi ya vitasa viwili. Fundi Mwinshehe, Mzaramo aliyehamia Tabora na kufungua banda la kutengeneza pumuzi, alikwenda mpaka ofisini kwa Milembe kuomba.

"Mhandisi, kitasa cha kwanza kiwe cha kampuni. Cha pili tupeni sisi. Ufunguo wake ukae kwa baraza la wagonjwa, kwenye sanduku lenye kufuli tano, kwa watu watano."

"Fundi, funguo zikiwa mbili, na wezi watakuwa wawili."

"Na ukiwa mmoja, mwenyewe akifa?"

"Kampuni haifi."

Mwinshehe akacheka kicheko cha mtani. "Nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za watu hadi pwani bila kuuliza za nani. Leo mnabeba mashine za watu vifuani, na bado hamuulizi."

Milembe naye akacheka. Siku ileile aliichoma nafasi ya pili, ikafungwa tupu.

Kampuni ikafa. Iliuzwa, ikauzwa tena, na walioinunua mara ya mwisho hawakuijua Isevya hata kwenye ramani. Waliizima mitambo ya kampuni katikati ya kusambaza programu mpya. Sasa, Milembe alikuwa amepanga kwamba kila programu mpya itanguliwe na namba: chipu ipandishwe namba ya toleo kwanza, ili tapeli asiweze kurudisha programu ya zamani yenye kasoro, kisha programu yenyewe ifuate. Namba ikapanda kutoka nane hadi tisa. Programu ya tisa haikufika. Na kifaa chenye ufunguo wa mhuri kikasagwa, kwa kufuata utaratibu, mbele ya wakili.

Pumuzi ziliendelea kufanya kazi kwa programu ya nane kwa sababu tu zilikuwa macho tayari. Ambayo ingezimwa, hata kwa sekunde moja, ingewaka na kudai programu ya tisa, ambayo haipo duniani. Isevya ikajitungia desturi: betri mpya inachomekwa kabla ya kuchomoa ya zamani, na mtu wa pili anashika waya, asipige hata chafya. Kila nyumba ilikuwa na mshika waya wake. Waliishi hivyo miaka miwili na ushee.

Halafu gurudumu la Mzee Shagembe likaanza kukwaruza.

Fundi Mwinshehe aliweka sikio kifuani mwa mzee, akakaa hivyo muda mrefu. "Limelika upande mmoja. Kulibadilisha ni dakika nne. Lakini lazima nizime."

"Usipozima?" mzee aliuliza.

"Litasimama lenyewe. Wiki tatu. Mwezi, ukiwa na bahati."

"Wewe Mzaramo, hata habari mbaya unaipigia ngoma."

Pumuzi ya aina nyingine ilihitaji upasuaji, na madaktari walikwisha sema kifua cha miaka sabini na tisa hakishonwi mara mbili.

Milembe akaazima pumuzi ya jirani aliyekuwa amefariki, akaiweka mezani, akaanza kuishambulia. Alikuwa anatafuta kosa lake mwenyewe. Aliutikisa umeme wakati mlinzi anasoma. Alimpa programu iliyokatwa, programu ndefu kupita kiasi, programu ya nane iliyovikwa namba ya tisa. Aliipasha chipu moto, akaigandisha kwa barafu. Kila mara mlinzi alimjibu kwa maneno aliyoyaandika yeye: PROGRAMU HAIKUBALIKI. WASILIANA NA MWENYE MHURI.

Mchana mmoja baba yake alimkuta amepiga magoti kando ya meza.

"Unaomba nini, mama?"

"Naomba niwe nilikuwa mhandisi mbaya, baba."

Mzee akampapasa kichwa. "Hilo hupati. Ada nililipa mwenyewe."

Gurudumu lilisimama Jumamosi adhuhuri, ugali ukiwa bado wa moto. Mwinshehe aliitwa, akaja mbio na vifaa vyake, akabadilisha gurudumu kwa dakika tatu na nusu. Milembe alikuwa anabana mfuko wa hewa kinywani mwa baba yake, hewa inayoingia kwenye mapafu yasiyoipokea. Gurudumu jipya lilikuwa zima. Betri ilikuwa nzima. Mwinshehe akabonyeza. Taa ikawaka, mlinzi akaamka, akasoma kwa sekunde mbili. Kisha maandishi yale.

"Bonyeza tena."

Akabonyeza.

"Tena, Fundi."

Alibonyeza mara kumi na saba. Alipotaka ya kumi na nane, Milembe alimshika mkono.

Msiseme ilikuwa ajali. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

Siku ya maziko, jeneza lilipotoka mlangoni, Mwinshehe alikuwa amelala chali katikati ya njia, kanga ya mkewe kichwani, kama watani wafanyavyo. Wengine wakacheka huku machozi yakiwatoka.

"Hapiti mtu! Mpagazi huyu ameondoka bila kuniaga. Nikomboleeni!"

Mtu akamtupia noti. Akaipeperusha kwa pumzi.

"Kanunulieni nyanya. Mimi nataka ufunguo."

Kicheko kikakatika. Milembe akasogea, viatu mkononi.

"Sina, Fundi. Wewe unajua kuwa sina."

"Basi nikomboe kwa maneno. Mtani hadanganywi msibani. Kitasa cha pili alikifunga nani?"

Angeweza kusema kampuni. Angeweza kuwataja matapeli, na kaburi la mama yake. Yote yangekuwa kweli. Mbele yake walisimama watu wa Isevya, wengi wao na kisahani kifuani.

"Mimi," alisema. "Mliniomba, nikacheka."

Mwinshehe akainuka taratibu, akajikung'uta vumbi, kanga ikamdondoka asiiokote.

"Njia iko wazi," alisema. "Mpitisheni."

Jeneza likapita. Milembe hakulifuata papo hapo. Katikati ya zile sss, sss, sss za watu wakipita, alikuwa amesikia nyingine, yenye mkwaruzo. Akageuka. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni alikutana naye macho, na upesi akaivuta kanga yake, akakifunika kifua.