Mbao za Soko la Burma

Mambo haya yalimpata rafiki yangu Ndambuki mwaka wa 1978, na Ndambuki si mtu wa kuogopa vivuli. Jioni moja ya mvua mkewe alimtuma nyama. Mbele ya bucha ya Odero, Soko la Burma, walikuwa wametandika mbao juu ya matope. Kabla ya kukanyaga, Ndambuki aligonga ubao mara mbili kwa fimbo.

Ni mazoea aliyotoka nayo Vita vya Pili vya Dunia. Kule ng'ambo, Burma yenyewe, kikosi chao kilipojenga barabara za magogo juu ya tope, aliyelaza gogo aliligonga mara mbili kwa nyundo. Likiwa limekaa imara, alimwitia dereva, "Pita." Siku mwenzao Aloo alipozama topeni, malori ya risasi yalikuwa yanangoja. Sajini akasema barabara haingoji mtu. Ndambuki akalaza gogo juu ya mkono uliokuwa ukipapasa, akagonga mara mbili, akaita. Jioni hiyo alikula akashiba.

Sasa stima ikapotea soko zima.

"Mzee, simama hapo hapo," Odero akasema gizani. "Natafuta mshumaa."

Ndambuki akasimama. Chini ya miguu yake tope likabubujika polepole. Kisha ubao ukagongwa kutoka chini, mara mbili.

"Pita," ikasema sauti ya mtu mwenye tope mdomoni.

Na nyuma yake, kwenye uchochoro ambao hata mkokoteni hupita kwa shida, lori likatia gia.