Rawya Alipopiga Hodi Ngomeni

Mie si mtu wa kuogopa majini, na wanaoyaogopa nishawacheka sana. Lakini haya yamempata dada yangu wa tumbo moja, Rawya, na mie nlikuwepo.

Ilikuwa Ijumaa, tushakula cha mchana, hapa Al Khoudh, tulikohamia kutoka Unguja. Binti yake wa pekee, Shatha, anasoma mambo ya kale chuo kikuu. Akatubembeleza twende tukatizame magofu ya kilimani. Mwanzo ilikuwa ngome, akatueleza, kisha wakaja wageni na majeshi yao wakaigeuza mji, wakatia njia zilizonyooka, hamamu za kuogea na soko. Nikamwambia, "Mwanangu, mie naona mawe tu." Akacheka. Mtoto yule akicheka, nyumba nzima hufurahi.

Basi Rawya na adabu zake za Unguja, kila mlango anapiga hodi. Nikamtania, "Wenyewe washakufa zamani, unamwomba nani ruhusa?"

"Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu," akanijibu.

Tukafika nyumba ya mwisho, kileleni, haina paa. Rawya akapiga hodi.

"Karibu."

Taratibu, kwa Kiswahili, sauti ya mwanamke. Tukajua ni Shatha anatuchezea. Tukachungulia ndani, hamna mtu. Shatha tukamwona chini kabisa, kaegemea gari, anakunywa maji. Hatukumwambia kitu, tusije tukamtia hofu.

Tukarudi nyumbani, jua bado kali. Mie na Rawya tukakaa sebuleni, Shatha akaingia jikoni kupika kahawa. Mara mlango ukagongwa.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya Rawya. Na Rawya yupo ubavuni mwangu, nimemshika mkono.

Akafungua mdomo amkataze mwanawe. Sauti haikutoka. Na mie ulimi ulinifa.

"Karibu, mama," Shatha akaitika kule jikoni.

Nani kati yetu huuliza kwanza? Mtu akipiga hodi unamkaribisha, ndivyo tulivyolelewa.

Mlango ukafunguka. Hakuingia mtu. Shatha akatoka jikoni anajifuta mikono, akatupita, hata hakututizama. Akatoka nje miguu mitupu. Tulipofika uani, hayupo. Lango limefungwa kwa ndani.

Polisi wametafuta mpaka wamechoka. Masheikh wamesoma. Rawya hajasema neno tangu siku ile, na madaktari wanasema koo lake zima. Analia bila sauti, na mie nnashindwa hata kumliwaza.

Juzi akanivuta nguo, akanionesha kilima. Tukapanda mpaka juu, tukasimama nje ya nyumba ile. Yeye hawezi, basi nikaita mie.

"Shatha. Shatha, mwanangu."

Kisha ndani mle, sauti ya dada yangu ikanong'ona.

"Usiitike, mwanangu. Hao si watu wetu."

Tukakimbilia ndani. Hamna mtu. Sakafu imefagiwa, imenyunyizwa maji, bado mbichi. Rawya akapiga magoti pale pale, akafungua mdomo kumwita mwanawe. Hakikutoka kitu.