Udi wa Kufukizia Mlango

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Februari 2024. Kaskazi ilikuwa imelala, hewa imejaa unyevu, na kipimajoto kilichotundikwa ukutani mwa ghala ya Mahfoudh, mtaa wa Malindi, kilisoma nyuzi thelathini na tatu. Ndani ya chumba cha baridi zilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Tofauti hiyo ya nyuzi hamsini na moja ilizuiwa na mlango mmoja, na mlango ule ulikuwa ukivuja.

Mahfoudh alikuwa amesomesha fizikia miaka kumi na minane kabla ya kurithi ghala ya samaki ya marehemu baba yake. Chini ya ile nyumba ya mawe aliuza samaki, kamba na pweza kwa mahoteli. Juu aliishi na mkewe, Zuleikha, aliyekuwa amemwoa miezi minne tu kabla. Alikuwa mtu asiyestahamili kitu kupotea. Alikuwa amehesabu: mlango ulifunguliwa mara mia na kumi na mbili kwa siku, na kila ulipofunguliwa ubaridi, kwa uzito wake, ulimwagika sakafuni ukatoka hadi barazani, na joto likaingia juu yake. Mashine ilikula yuniti tisini na nne za umeme kwa siku.

Akatundika pazia la vipande vya plastiki. Akaamuru oda zote ziandikwe asubuhi, ili mlango ufunguliwe mara ishirini tu. Ukabaki mpira wa kuzunguka mlango, ambao ulikuwa umechakaa mahali asipopaona. Kupatafuta kulihitaji moshi, na moshi uliokuwa karibu ulikuwa wa chetezo cha udi cha mkewe.

Kwa siku saba mfululizo, saa sita za mchana, alikizungusha chetezo pembezoni mwa mlango. Chini moshi ulisukumwa nje. Juu ulivutwa ndani. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Alitia alama za chaki na kubadilisha mpira kipande kwa kipande. Lakini siku ya saba, ndiyo Jumatatu hiyo, pale katikati, usawa wa mdomo wa mtu, ambapo kwa hesabu moshi ulipaswa kutulia, ulivutwa ndani ukapotea. Alihesabu moja hadi nne. Ukatolewa. Ukavutwa tena.

Aliinamia daftari aandike alichokiona, akasikia sauti ya kike, yenye adabu.

"Hodi."

"Karibu," alijibu bila kuinua kichwa, kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa mji ule.

"Unamkaribisha nani?" aliuliza Zuleikha, aliyekuwa kwenye mizani.

"Si kuna mtu kapiga hodi?"

Zuleikha alichungulia barazani. Hapakuwa na mtu. Ndipo Mahfoudh alipotambua kwamba sauti ile haikutoka upande wa njia.

Kwa hesabu yake, mpira mpya ungeteremsha matumizi hadi yuniti hamsini na nane. Jumanne mita ilisoma hamsini na nane. Jumatano, arubaini na moja. Kufikia Jumamosi ilisoma ishirini na tatu, na hakuna mashine ya ukubwa ule inayoweza kuendesha chumba kile kwa yuniti ishirini na tatu. Mwanafunzi ambaye angemletea jawabu kama lile angerudishwa akafanye upya. Mahfoudh alifurahi, akalifunga daftari.

Tangu hapo akaanza kuulinda mlango. Zuleikha akiugusa alikemewa. Mara nyingi alimkuta mumewe amesimama mbele ya mlango, kiganja kimelala juu ya bati lake, na midomo ikicheza.

"Pole, Bi Zuleikha," alisema Msabah, mnunuzi wa hoteli moja ya Shangani, aliyekuja kuchukua kamba. "Bwana wako keshaoa mlango."

"Na mimi ndiye mke mkubwa au mdogo?"

"Kwa ninavyomuona yeye, wewe hata zamu hupati!"

Wakacheka wote wawili. Ndani ya chumba cha baridi kitu kikagonga bati mara moja, taratibu, na kicheko kikakatika.

Alasiri ile Zuleikha alikuwa akikunja nguo. Akaisogeza puani kanzu ya mumewe, akashuka nayo.

"Mahfoudh. Udi wangu wa harusi ulikuwa kopo zima. Nimekuta vipande vinne. Umemfukizia nani?"

"Mlango. Nilikuwa nnatafuta panapovuja."

"Ubani haukuwepo? Kijiti cha udi cha dukani hakikuwepo? Udi alioutengeneza mama yangu kwa mikono yake, wa chumbani mwangu, waupelekea mlango?" Sauti yake ilishuka. "Na kanzu hii nimeifua jana, nimeianika juani. Nani kaifukiza leo?"

Mahfoudh aliichukua kanzu, akainusa. Yeye hakuifukiza.

Alhamisi, tarehe 15, Zuleikha aliingia kuchukua pweza wa oda ya mwisho. Mlango ukajifunga nyuma yake bila kishindo, kwa upole wa mtu anayefunga chumba chenye mgonjwa. Mahfoudh alivuta kitasa, hakikusogea. Ndani kulikuwa na kishikio cha kusukumia, naye alisikia mkewe akikisukuma, kwanza kwa mkono, kisha kwa bega, na kipimajoto cha mlangoni kikaanza kushuka, ishirini na mbili, ishirini na saba, thelathini na tatu chini ya sifuri, ilhali mashine ilikuwa imezimika na kunyamaza kabisa, na kutoka katika ule mpira mpya, alioubandika kwa mikono yake pasibaki hata upenyo wa uzi, ikatoka harufu ya udi, nzito, tamu, ya usiku wao wa kwanza, na pamoja na harufu ile sauti ya kike yenye adabu, iliyo karibu sana na sikio lake, ikisema polepole kama mke anayetaka haki yake:

"Siku saba umenifukizia. Nikapiga hodi, ukanikaribisha. Ukaniziba nyufa zote nisitokwe na kitu. Basi huyu anayenifungulia mlango kila saa ni nani?"

"Mke wangu," alinong'ona Mahfoudh.

"Nami?"

Upande wa pili mapigo ya bega yalikuwa yakififia. Mahfoudh alikuwa ameshika mtaimbo, akauweka chini. Mwenye nyumba sasa hakuwa yeye. Akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe kama mgeni.

"Hodi," alisema.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Ilibaki moja, kwani mgeni akipiga hodi tatu asiitikiwe huondoka.

"Hodi, bibi."

"Karibu," ilijibu sauti, na kitasa kikalegea.

Zuleikha alikuwa sakafuni, nyusi zake nyeupe kwa barafu. Alikuwa amekaa humo dakika kumi na moja. Alipoweza kusema, alisema, "Kanishika nywele. Kaniuliza nimeolewa kwa mahari gani."

Ijumaa baada ya sala alifika Bi Wanu, mganga kutoka Kizimkazi, mwanamke mfupi wa maneno machache, aliyeomba koti kabla ya kuomba kiti.

"Shikamoo, Bi Wanu," walimwamkia.

"Marahaba. Jini mahaba huyu. Kupungwa hataki, wala mimi sina nguvu hizo. Kaingia kwa heshima, atoke kwa heshima. Fungueni mlango. Ng'oeni pazia, ng'oeni na huo mpira. Usifungwe mpaka ubaridi wote umalizike."

"Samaki wataoza," alisema Mahfoudh.

Zuleikha alimtazama.

"Akitoka ataaga," aliendelea Bi Wanu, akimgeukia Mahfoudh. "Usimjibu. Umenifahamu, mwanangu? Hata kwa moyo."

Mlango ukafunguliwa. Ubaridi ukamwagika sakafuni, mweupe, ukawapita miguuni, ukashuka vidato vya baraza hadi njiani. Bi Wanu alisoma kwa sauti ya chini. Saa nzima ikapita, na nyingine, maji yakichuruzika kutoka kwenye masanduku, hadi kipimajoto cha ndani na cha nje vikasoma sawasawa. Ndipo harufu ya udi ilipopita katikati yao, ikasita penye kizingiti, mbele ya Mahfoudh.

"Haya, bwana. Kwaheri."

Zuleikha alimrukia mumewe, akamziba mdomo kwa kiganja. Sauti haikutoka. Lakini chini ya kiganja chake aliihisi midomo ile, iliyolelewa katika adabu ya mji ule tangu utotoni, ikijongea kutamka maneno mawili anayoambiwa kila mgeni anayeaga: karibu tena. Pumzi iliyomgusa mkononi ilikuwa baridi.

Ghala sasa ni duka la vitambaa. Mahfoudh ni mzima, anakula, anasali, anacheka na mkewe. Usiku Zuleikha hulala na mablanketi mawili, hata wakati wa kaskazi, na kila asubuhi humpima mumewe kwa kipimajoto cha hospitali. Husoma nyuzi thelathini na tano badala ya thelathini na saba. Hakijawahi kupanda.

Yote kwa jumla, basi, yaligharimu samaki kilo elfu moja, mia nane na arubaini, na nyuzi mbili.