Kinanda cha Kilonzo

Mutisya ni shemeji yangu, kwa hivyo haya sikuyaokota sokoni. Ni fundi wa vinanda vya umeme hapa Wote. Agosti mwaka jana, Kitonga, mwalimu wa kwaya kule Kibwezi, alimtuma hadi Kitui akamchukulie sinthesaiza ya zamani ya marehemu Kilonzo. Kitonga na Kilonzo walikuwa bendi moja, mpaka siku Kilonzo alipopigwa shoti na kinanda hicho akitumbuiza harusini, akafa papo hapo.

Mjane wake, Ndinda, alikuwa ameshakipangusa.

"Nimengoja miaka sita Kitonga akiombe," alisema. "Mpelekee. Lakini vifundo vya kuzungushia sauti usiguse. Viko vile mwenyewe aliviacha."

Mutisya alimwelewa kifundi. Vinanda hivyo havina kumbukumbu. Sauti inakaa pale vifundo vilipo, na mtikiso mmoja au joto la gari linatosha kuvuruga nota. Akavibana kwa utepe, akakifunika blanketi mbili, akakilaza kiti cha nyuma juu ya kigodoro.

Ndinda aliinama dirishani, akakipapasa kama anayelaza mtu.

"Thi nesa, Kilonzo," akanong'ona. Nenda salama.

Barabara ilikuwa mbovu, Mutisya akaendesha polepole. Kwenye kioo aliona blanketi zikipanda na kushuka. Akajiambia ni mashimo. Alisimama kununua maji, akazima gari.

Blanketi ziliendelea kupanda na kushuka.

Alifika kanisani kwa Kitonga, Kibwezi, saa tisa mchana. Kitonga alikuwa peke yake, akakivua blanketi na utepe mwenyewe.

"Ngoja kwanza, mwalimu," Mutisya alimwambia. "Kikishatulia nitakiwasha nusu saa kipate joto lake. Ndipo nota zitakaa sawa."

"Wacha nijaribu vibonyezo tu," Kitonga akasema, akabonyeza kimoja.

Kinanda kikalia.

Waya wa umeme ulikuwa bado mkononi mwa Mutisya.

Nota moja. Nzito. Kitonga akavuta kidole. Hakikutoka. Cha pili kikanasa. Cha tatu. Harufu ya nyama ikapanda.

"Kilonzo," akanong'ona, akitazama benchi tupu la mbele. "Ule waya wa ethi, wa kukinga shoti, nilikata nikutishe tu. Upigwe shoti kidogo tu."

Nota ikapanda.

"Nimedanganya! Nilitaka kiti chako kwenye bendi. Nilijua utakufa. Nilijua."

Kimya. Vidole vikaachiliwa.

Mutisya alimpigia Ndinda simu, akamweleza.

"Yuko hai?" Ndinda akauliza.

"Yuko hai, mama."

"Vizuri. Kufa ni haraka sana."

Akakata.

Vidole vya Kitonga vilipona. Lakini hapati usingizi, na madaktari hawaoni ugonjwa. Mutisya alipoenda kumwona wodini, muuguzi mmoja alimvuta kando, akamvalisha kile chombo cha kusikilizia moyo.

"Wewe ni fundi," akanong'ona. "Hebu niambie hii ni nini."

Mutisya akakiweka kifuani pa Kitonga. Moyo ulikuwa unadunda vizuri.

Chini yake kulikuwa na nota. Moja, nzito, haipandi wala haishuki.