Aliyemjulia Hali Phelista

"Hesbon, asante kwa kunijibu haraka. Nimefika hospitali."

"Hospitali? Kufanya nini?"

Phelista aliondoa simu sikioni akaitazama, akidhani amempigia mtu mwingine. Alikuwa amelazwa wodi ya wanawake mjini Kitale, dripu mkononi, midomo imekauka kwa homa. Jirani yake Nasro, aliyemleta kwa tuktuk, alikuwa akimpepea kwa leso.

"Si umeniandikia asubuhi? Umesema nisilale, nikimbie hospitali."

Hesbon akakohoa.

"Aa, hiyo. Kazi ni mingi bana, nimesahau. Pona basi. Nitakupigia."

Akakata.

Phelista alikuwa na saratani ya damu, ile ya polepole, ambayo mtu humeza vidonge kila siku na kuishi kama wenzake mradi asiviruke. Kliniki ilimwekea app kwenye simu. Ilimkumbusha dawa, aliandika humo vile anavyojisikia, na joto la mwili likipanda ilimwambia asikae nyumbani. Taarifa hizo pia zilimfikia mtu mmoja anayemwamini, ambaye angeweza kumjibu humo humo. Phelista alimchagua mumewe, Hesbon, msimamizi wa mjengo huko Bungoma, karibu na Kibabii.

Kwa simu Hesbon alikuwa mkavu siku hizi, na nyumbani alikuja kwa nadra. Lakini ndani ya app alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Umekula? Hizo tembe hazitaki tumbo tupu."

"Umeandika mifupa inauma. Pumzika, nguo zitafuliwa kesho."

Phelista alikuwa akijibu, "Asante wangu," na kutabasamu peke yake jikoni. Kwa sababu ya maneno hayo alimsamehe mengi.

Asubuhi hiyo, homa ilipompanda, aliandika kama mke kwa mara ya kwanza: "Mume wangu, naogopa kufa ukiwa mbali." Jibu lilikuja papo hapo, la kumhimiza akimbie hospitali. Na sasa Hesbon hajui lolote!

Alifungua app, akaandika.

"Wewe ni nani?"

Jibu lilichelewa.

"Naitwa Rahab. Niko Bungoma. Naomba nikupigie."

Simu ikaita. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, ya chini.

"Habari yako, dada."

"Umetoa wapi simu ya bwana yangu?"

"Alinipea aliponunua ingine. Hiyo app ilikuwa bado ndani. Ilipolia mara ya kwanza nikamuuliza, akasema Phelista ni dada yake mgonjwa, ati nisijali. Nikaona vibaya mgonjwa aandike na hakuna wa kumjibu."

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Hata ule ujumbe wa kunikumbusha uji wa wimbi?"

"Ni mimi, dada."

"Na siku ya majibu ya damu, uliposema umepiga magoti unaniombea?"

"Nilipiga kweli. Nilidhani naombea wifi yangu. Leo ndio umeandika 'mume wangu', nikajua alinidanganya."

Phelista alifumba macho.

"Wewe ni nani kwake?"

Rahab akaanza kulia.

"Niko na mimba yake. Jumamosi anakuja kwetu na wazee kuniposa."

Nasro alimpokonya Phelista simu, maana mkono wenye dripu ulikuwa umeanza kutoka damu.

Kesho yake Hesbon aliingia wodini amebeba machungwa.

"Phelista, nisikize."

"Dada yako anakusikiza."

Hesbon akaangalia chini.

"Daktari alisema usishike mimba ukiwa kwa hizo dawa. Kwetu mimi ndiye kijana pekee. Mama ananiuliza kila siku."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia huwezi kuzaa."

"Daktari hakusema siwezi. Alisema kwa sasa. Ulikuwa umenishika mkono, Hesbon. Ukaniambia tutangoja pamoja."

"Nilichoka kungoja."

"Si ungekuja uniambie umechoka? Ningelia, lakini ningelia nikijua ninachokililia."

"Niliogopa utaacha dawa."

Phelista alicheka, kicheko kibaya kilichowafanya wagonjwa wengine wageuke.

"Wewe uliogopa? Aliyeogopa niache dawa ni bibi yako wa Bungoma. Wewe hata homa yangu hukuijua. Chukua machungwa yako uende."

"Phelista, si tuongee kama watu..."

"Kaka, umeambiwa uende," Nasro akasema, akamfungulia mlango.

Jioni ujumbe wa Rahab ukaingia: "Dada, nimemwambia sitaki kumwona tena. Nikubalie tu niendelee kukujulia hali."

Phelista aliusoma mpaka machozi yakalowesha kioo cha simu. Hakuna mtu aliyewahi kumtunza kama huyu. Akaandika: "Umeniweka hai. Siwezi kukuchukia na siwezi kukuvumilia. Usiniandikie tena."

Akalifuta jina la Hesbon ndani ya app, na jibu la Rahab halikuweza kumfikia tena. Mahali pake akaweka Nasro, ambaye hakuwa mtu wa kuandika. Taarifa ikimfikia, alikuja kugonga mlango.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja Nasro alimkuta akichagua maharagwe.

"Phelista, heri uisikie kwangu. Rahab ameolewa. Wamempeleka kwa kina Hesbon huko Sirisia, na tumbo lake mbele. Mama mkwe wako alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka."

"Si alisema hataki kumwona?"

"Ati mtoto anataka baba."

Phelista aliendelea kuchagua maharagwe. Baadaye Nasro aligundua kwamba alikuwa akitupa mazuri pamoja na mabovu.

Mwezi uliofuata alikwenda kliniki. Daktari Chelangat alitazama majibu kwenye kompyuta, akatazama tena, akatabasamu.

"Phelista, hongera. Hujaruka dawa na inaonekana. Damu ikiendelea kuwa safi hivi, tutaanza kupanga vile tutapumzisha hivi vidonge kwa uangalifu, mpate mtoto."

Machozi yalimlengalenga Phelista.

"Hii ni habari njema, mama! Bwana yako yuko hapo nje? Mwite niwaeleze pamoja."

Phelista alivuta kiti karibu na meza, akapangusa macho kwa kiganja.

"Nieleze mimi tu, daktari. Anza mwanzo, polepole."