Moshi wa Inkongoro

Mukabalisa alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Noella, mke wa mwanawe Rukundo, alipika, alifua na kufagia. Lakini inkongoro, vile vibuyu vya maziwa, Noella hakuvigusa. Mukabalisa aliteremka navyo kutoka milimani, kule alikokuwa na ng'ombe wake. Sasa ng'ombe hawapo. Yeye na jamaa yake wanakaa Kilibula, mjini Uvira, na maziwa wananunua. Vibuyu tu ndivyo vilivyobaki.

Kila siku mchana aliviosha. Aliwasha majani makavu ndani ya kigae, akainamisha mdomo wa kibuyu juu ya moshi. Maziwa yakitiwa humo hupata harufu tamu. Msimu huu mvua ilinyesha sana, basi kazi hiyo aliifanyia chumbani. Alifunga mlango na dirisha ili upepo usimwibie moshi. Pembeni alikaa mjukuu wake Gwiza, msichana wa miaka saba, akimshikia kifuniko.

"Nyogokuru," Gwiza alisema. Hivyo ndivyo watoto wa kwao wanavyomwita mama wa baba. "Na minye nitafukiza siku gani?"

"Siku mikono yako itaacha kuvunja sahani."

Gwiza alicheka. Kisha akakohoa, akakohoa tena, mpaka machozi yakamtoka.

Kikohozi hicho kilianza na mvua. Kinakuja, kinaenda. Walimpa vidonge vya malaria bila kumpima damu. Walinunua siro, ile dawa ya maji ya kikohozi, wakanunua nyingine. Kifua kililia kama paka mdogo aliyefungiwa ndani. Mukabalisa aliweka sikio lake kwenye mgongo wa mtoto. Sauti hiyo aliijua. Binti yake wa kwanza alikuwa na kifua kama hicho kule milimani. Alikufa akiwa na miaka tisa. Watu walimwambia, "Mulichelewa kumukata kilimi." Neno hilo halikumtoka kichwani. Hakuwahi kumsimulia Noella.

Siku moja jirani yao Pétronille alimsikia Gwiza akikohoa uani.

"Mama Rukundo, huyu mutoto iko na kilimi," alisema, akionyesha koo lake. "Kale kanyama kenye kananing'inia huku nyuma. Kamekuwa karefu, kanaziba pumzi. Kule Luvungi kuko muzee mumoja anakataka. Mara moja tu, imeisha."

"Anakata na nini?" Noella aliuliza.

"Na kawembe ao kisu, minye najua? Weye unataka mutoto apone ao unataka maulizo?"

Noella alimgeukia mama mkwe wake. "Mama, tumupeleke kwanza ku centre de santé, waganga wamupime."

"Siro zao si amekunywa?"

"Siro tulinunua sisi wenyewe. Hakuna muntu mwenye alimupima."

Mukabalisa alikiogopa kisu cha mzee. Lakini aliogopa zaidi kuchelewa mara ya pili.

"Kesho asubuhi tunaenda Luvungi," alisema. Noella akainamisha kichwa.

Asubuhi Mukabalisa aliamka mapema. Hakuweza kwenda kwa mzee yule mikono mitupu. Angempelekea maziwa katika kibuyu chake kizuri kuliko vyote. Akafunga mlango, akawasha majani mengi, akafukiza kwa muda mrefu. Gwiza, katika nguo yake ya kanisa, alishika kifuniko.

Kifuniko kikaanguka.

"Nyo..." mtoto alisema. "Go..."

Neno halikuisha. Mabega yalipanda na kushuka. Nyama ya katikati ya mbavu iliingia ndani kila alipovuta pumzi. Midomo ilibadilika rangi.

Nje, Pontien mwenye pikipiki, aliyeitwa kuwapeleka Luvungi, alikuwa amekwisha kufika. Alimwona Gwiza, akazima injini.

"Mama, Luvungi ni mbali, siende na huyu mutoto. Ataisha mu njia."

Noella hakuomba ruhusa. Alimbeba mtoto, akapanda. "Twende ku centre de santé! Upesi!"

Mukabalisa akawafuata kwa miguu, kiatu kimoja mguuni, kingine amekisahau chumbani. Njia nzima aliongea na Mungu neno moja tu: tena hapana, tena hapana.

Alipofika, alimkuta Gwiza juu ya mapaja ya Noella. Muuguzi mmoja, mama Agnès, alishika chupa ya maji ya plastiki, tupu. Kwenye kitako chake kulitobolewa tundu, na tunduni kulichomekwa pompe ndogo ya bluu, kichupa cha kupulizia dawa. Mdomo wa chupa ulikuwa kinywani mwa mtoto.

"Vuta, mama. Toa. Vuta tena," Agnès alisema polepole.

"Munamunywesha chupa tupu?" Mukabalisa alilia.

"Si tupu, mama muzee. Dawa inatoka mu pompe, inaingia mu chupa. Bila chupa ingebakia ku ulimi. Na hii chupa, dawa inafika mu kifua."

Alibonyeza mara moja, mtoto akapumua mara sita. Akabonyeza tena. Alifanya hivyo mara nne. Wakangoja. Baada ya dakika ishirini akarudia. Mukabalisa hakuthubutu kukaa.

Mwishowe mabega ya Gwiza yalitulia. Alitazama watu wote, akasema, "Nina njaa."

Noella akaanza kulia. Agnès akasikiliza tena kifua cha mtoto.

"Filimbi ya kifua imepunguka. Sasa munijibu muzuri. Mu jamaa kuko mwenye alikuwaka na kifua hivi?"

Mukabalisa akasema, "Kuko. Binti yangu. Alikufa."

"Mama!" Noella alishangaa. "Haukuniambiaka."

"Ningekuambia nini? Tulimukata kilimi, akakufa. Wakasema tulichelewa. Minye leo nilikuwa napeleka na huyu."

Agnès alimshika mkono. "Haukuchelewa kukata, mama. Haikuwa kilimi. Fungua kinywa." Akamulika kwa tochi. "Gwiza, angalia humo. Unaona nini?"

"Nyogokuru! Na weye uko nacho! Kirefu!"

"Muntu yote iko nacho," Agnès alisema. "Kukikata kunaleta damu nyingi na kidonda, na kifua kinabaki vile vile. Huu ugonjwa ni asthme, wengine wanaita pumu. Hauambukize. Mu kifua kuko mirija ya pumzi. Ya Gwiza ikikutana na kitu haipendi, inajikaza. Kwa wengine ni vumbi, kwa wengine ni baridi. Kwake, ni wakati gani anakohoa sana?"

"Muchana," Noella alijibu. "Na usiku."

"Muchana, baada ya kufanya nini?"

Mukabalisa alitazama kitambaa chake cha kazi, alichokuwa bado amejifunga. Kilinuka moshi, ile harufu aliyoipenda toka utoto.

"Baada ya kufukiza," alisema kwa sauti ndogo. "Ni minye."

"Haukujua, mama. Leo umejua."

Daktari wa kituo alimpima Gwiza na kukubaliana na Agnès. Akamwandikia pompe mbili. Ya bluu ni ya wakati pumzi inabana. Ya pili ni ya kila siku, hata akiwa mzima, na akimaliza asukutue kinywa.

"Wanasema pompe inazoeza muntu, hawezi tena kuiacha," Mukabalisa alisema.

"Haizoeze," Agnès alijibu. "Akiacha ile ya kila siku kwa sababu anaona amepona, ndipo atarudi hapa mbio. Na siku akishindwa kusema, ao mbavu zikiingia ndani, ao midomo ikigeuka rangi, mupe ya bluu na mumulete palepale. Musingoje."

Rukundo alipotoka kazini, alikuta mama yake akitoa kigae chumbani. Alimjengea kibanda kidogo cha bati nyuma ya nyumba, mbali na mlango. Kitambaa cha kazi kikabaki hukohuko. Pétronille alipouliza habari za Luvungi, Mukabalisa alimjibu, "Fungua kinywa kwanza nikuonyeshe kitu."

Mvua zikapita. Gwiza alikwenda kituoni tarehe zote alizopewa. Chupa yake ilikaa juu ya rafu, karibu na vibuyu, na Mukabalisa aliiosha kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana mmoja alikuwa kibandani, moshi ukipanda. Sauti ikatoka upande wa mbele wa nyumba.

"Nyogokuru, moshi imekwisha ao bado, kwani minye niko na njaa na maziwa yatapoa na mama anasema usinisahau na kesho uniachie kifuniko!"

Maneno yote hayo yalitoka kwa pumzi moja.

Mukabalisa alisikia vizuri. Lakini hakujibu upesi. Alitaka mtoto aseme tena.