Duka la Vioo vya Kale

Haya yalimpata fundi mmoja wa miwani, binti wa mjomba wangu, mwaka ule yeye na mumewe walipohamia mtaa ambao kila mtu mjini alitamani kuishi. Nyumba kuukuu zimepakwa rangi upya, migahawa imetoa viti nje, kila hatua kumi duka la picha au la maua. Walipata vyumba viwili ghorofa ya tatu, jiko dogo kiasi kwamba mmoja akifungua friji mwenzake sharti atoke. Hawakujali. Kila Jumamosi mchana walichagua kichochoro wasichokijua, wakakifuata mpaka mwisho. Mume akishangaa nyumba, mke akikagua miwani ya wapita njia, na mume akimcheka kwamba hata matembezini Fundi wake yuko kazini.

Jumamosi moja wakakuta duka la vioo vya kale, limebanwa kati ya duka la mikate na ukuta wa matofali. Mume akataka kuchungulia. Mke alikuwa kwenye simu na mama mkwe, akamwashiria atangulie. Maongezi hayakufika dakika tano. Mume akatoka akitabasamu, akamshika mkono.

"Umeona nini humo?"

"Vioo tu, Fundi wangu. Twende nyumbani."

Wakaondoka. Kwenye kona ya kwanza, mume akakata kushoto badala ya kulia. Kona ya pili, vilevile.

Jioni ile akalalamika kwamba miwani inamtia kizunguzungu. Miwani hiyo Fundi aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akampima. Jicho la kushoto, bovu tangu utotoni, lilisoma mpaka mstari wa mwisho. La kulia halikuona kitu. Vipimo ni vilevile, ila vimebadilishana nafasi. Fundi akasogeza taa karibu. Mumewe alikuwa na doa dogo la kahawia kwenye jicho la kushoto, alilijua tangu uchumba wao.

Doa lilikuwa kwenye jicho la kulia.

"Umeona nini?" mume akauliza taratibu.

Akajifanya anamnyoosha shati, akaweka kiganja kifuani pake. Moyo ulikuwa unapigia kulia.

Angemweleza nani amwamini? Daktari alisema wapo watu wanaozaliwa hivyo. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega. "Mwanangu anakula, anafanya kazi, anakupenda. Mshukuru Mungu, mkwe wangu. Usijitafutie maradhi." Na kweli, yule mtu alikuwa mpole. Alipika. Alimuita Fundi wangu. Hakukosea neno hata moja. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Akarudi dukani peke yake, saa nne asubuhi, jua limewaka. Bibi mmoja alikuwa anafuta vioo kwa kitambaa, amempa mgongo.

"Bibi, mume wangu aliingia humu Jumamosi."

"Na akatoka. Si mliondoka wote?"

"Aliyetoka si yeye."

Bibi hakuacha kufuta. "Wiki za mwanzo wote husema hivyo. Baadaye mnazoea."

Hapo Fundi akainua macho. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani alijiona mwenyewe. Nyuma yake alisimama mumewe. Ndevu zimeota. Shati ni la Jumamosi ile. Fundi akageuka. Hapakuwa na mtu. Akatazama tena kioo. Mume alikuwa anakipiga kioo ngumi kwa ndani, mdomo wazi. Hakuna sauti. Mdomo ule ulikuwa unatamka maneno mawili tu. Fundi wangu.

Akanyakua kinara cha shaba kilichokuwa mezani.

"Ukivunja," bibi akanong'ona, "utakayemkata ni yeye."

Mkono ukabaki hewani. Hakujua alisimama vile kwa muda gani. Alichokumbuka ni kwamba alikirudisha kinara mezani polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Kesho yake alirudi na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ili naye ajionee. Mlango ulikuwa wazi, kuta tupu, mafundi rangi wako kazini. Wakasema mwenye duka amefunga biashara na vioo vimeuzwa vyote. Viliuzwa wapi? Humuhumu mtaani, wakasema. Siku hizi kila mgahawa unataka kioo cha kale.

Tangu hapo anatembea. Mgahawa hadi mgahawa, hoteli, maduka ya nguo. Anaagiza chai asiyokunywa, anakaa akitazama ukuta. Wahudumu wamemzoea, wanadhani anajipenda. Akirudi nyumbani anakuta chakula mezani, na yule mtu anamuuliza kwa upole kama amechoka.

Juzi aliingia saluni moja mpya. Msusi alikuwa amepiga magoti, anasugua kioo kirefu chenye fremu ya mbao.

"Samahani, dada," msusi akasema. "Alama hii ya mkono haitoki. Nimeisugua mbele na nyuma, wapi. Tulipokinunua ilikuwa juu huku, usawa wa uso. Kila asubuhi naikuta imeshuka kidogo."

Fundi akapiga magoti kando yake. Kiganja cha mtu mzima, vidole vimetanuka kwa ndani ya kioo, kilikuwa kimebakiza shubiri moja kufika sakafuni.